Jinsi ya kutumia "expect" bila kuonekana unamdai mtu

Mpwa wangu alinitumia barua yake ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini, niipitie kabla hajaipeleka. Ilikuwa barua nzuri. Kiingereza kimenyooka, vyeti vimetajwa kwa mpangilio, hakuna herufi iliyokosewa. Nikafika mstari wa mwisho: "I expect your positive response soon." Nikampigia simu.

"Mjomba, kuna kosa?"

Kisarufi hakuna. Ila meneja Mwingereza akiusoma mstari ule atasikia hivi: nataka unijibu, unijibu kwa kunikubalia, na usichelewe. Binti wa watu alikuwa amemaanisha jambo jingine kabisa: natarajia majibu mazuri kutoka kwako. Kwa Kiswahili hayo ni maneno ya adabu, na barua za maombi zisizo na idadi zinaishia hivyo hivyo.

Nimefundisha watu wazima Kiingereza kwa miaka mingi, wapokea wageni, madereva wa watalii, wauguzi, makarani, na sijaona kitenzi kinachowaponza wenye Kiingereza kizuri kama hiki. Anayeanza hakitumii. Anayekitumia ni yule aliyekwisha kufika mbali, na kosa lake halishtukiwi kwa sababu sentensi imesimama sawasawa. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yake.

Hatua ya kwanza: jua maneno haya yametoka wapi

"Expect" limetoka katika Kilatini, exspectare, na ndani yake mna kutazama: kuangalia nje, kama mtu aliyesimama mlangoni akiitazama njia. Kiswahili kina neno lililojengwa kwa fikra ileile. Kutoka kutazama tumepata kutazamia. "Tunamtazamia mgeni leo" ni sentensi ambayo bibi zetu waliisema bila kufikiri, na ukiitafsiri kwa "expect" hukosei hata kidogo: "We're expecting a guest today."

Siku hizi wengi wetu hatusemi kutazamia. Tunasema kutarajia, na kutarajia kumetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kutumaini. Tofauti yote imelala hapo. Anayetarajia ana tumaini moyoni, na tumaini linaweza kutimia au lisitimie. Mwenye "expect" anaona jambo linakuja njiani, au anaona ni haki yake lije. Kwa hiyo ukitafsiri kutarajia kwa "expect" kila mara, umegeuza tumaini kuwa hakika, na mara nyingine umeligeuza kuwa dai.

Liko la tatu, kutegemea, hasa kwa sisi wa Tanzania. "Nategemea kusafiri Jumatatu" haina maana ya kumwegemea mtu, ina maana ya kutarajia. Lakini kamusi inampa mwanafunzi "depend", naye anaandika "I depend to travel on Monday", sentensi ambayo Mwingereza hawezi kuielewa. Hapa "expect" ndilo hasa linalotakiwa: "I expect to travel on Monday." Tiketi umekata, ruhusa umepewa, unaiona safari inakuja.

Hatua ya pili: kabla ya kuandika, jiulize hali yako ni ipi

Je, una hakika, una tumaini, au unangoja? Kiingereza kina kitenzi chake kwa kila hali, na hazichanganyiki.

Ukiwa kituoni na mfuko mkononi, unaangalia daladala inatokea upande gani, hiyo ni "wait". "I'm waiting for the bus." Muda wako unakwenda, huna shughuli nyingine ila kungoja. Sasa mfikirie mama aliye jikoni: pilau iko motoni, jamvi limetandikwa, watoto wameogeshwa. Hajakaa kitako kungoja, ana kazi zake chungu nzima, lakini kichwani anajua shemeji zake watafika saa saba. Huyo ni "expecting". "She's expecting guests." Ngoja ni kazi ya mwili na saa. "Expect" ni jambo unalolijua kichwani huku mikono ikiendelea na yake.

Ndiyo maana "wait" hutaka "for" nyuma yake, na "expect" haitaki. "I'm expecting for my brother" ni kosa ninalolisahihisha kila wiki. Sema "I'm expecting my brother", basi.

Tumaini ni "hope". "I hope to get the job": ningependa niipate, sijui kama nitaipata. "I expect to get the job": naijua, ni yangu, nasubiri barua tu. Ukiisema hii ya pili mbele ya wanaokufanyia usaili, umejipandisha mwenyewe kiti ambacho hujapewa.

Na ukiwa na hamu ya jambo ambalo limeshapangwa, tumia "look forward to", na kitenzi kinachofuata kivae "-ing": "I look forward to meeting you." Wengi wanateleza hapa na kuandika "to meet", kwa sababu wameshazoea "hope to meet" na "expect to meet". Katika "look forward to", hiyo "to" ni kihusishi, ndiyo maana unaweza pia kuifuatisha nomino tupu, "I look forward to your reply." Barua ya mpwa wangu ilikwenda na sentensi hiyohiyo.

Hatua ya tatu: lipime dai lililomo ndani

Hapa ndipo nitakapokaa muda, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Tarehe 21 Oktoba 1805, kabla ya mapigano ya baharini ya Trafalgar, karibu na pwani ya Hispania, Admirali Nelson wa Uingereza alitaka kuwapelekea mabaharia wake ujumbe kwa ishara za bendera. Maneno aliyoyachagua kwanza yalikuwa kwamba Uingereza "confides", yaani ina imani, kuwa kila mtu atatimiza wajibu wake. Luteni wa ishara, John Pasco, akamwomba aweke "expects" badala yake. Sababu ilikuwa ya kikazi tu: "expects" lilikuwa tayari na namba yake kwenye kitabu cha ishara, ilhali "confides" ingebidi liandikwe herufi moja moja kwa bendera, na muda ulikuwa mfupi. Nelson akakubali. Bendera zikapanda: "England expects that every man will do his duty."

Angalia kilichotokea kwa kubadilisha kitenzi kimoja. "Uingereza ina imani nanyi" ikawa "Uingereza inawataka". Imani imekuwa agizo. Sentensi imekuwa mashuhuri kwa sura hiyo ya pili, na kila Mwingereza aliyeisikia shuleni ana sauti ya amri ndani ya "expects".

Sasa rudi hotelini. Kwenye mlango wa chumba kumebandikwa: "Guests are expected to leave their rooms by 10 a.m." Mwanafunzi wangu mmoja, mhudumu wa vyumba, aliitafsiri "wageni wanatarajiwa kuondoka vyumbani kabla ya saa nne", akadhani ni taarifa tu, kama ya utabiri. Hapana. Wageni wanatakiwa. Ni sheria iliyovikwa nguo ya heshima. Vivyo hivyo kazini: "You are expected to report at eight" maana yake ufike saa mbili, na usipofika utaulizwa.

Kuna "expected" nyingine ambayo haina amri, nayo ni ya habari na hali ya hewa. "Heavy rains are expected on the coast." Mamlaka ya hali ya hewa inapotangaza masika, Kiswahili chake ni "mvua kubwa zinatarajiwa", na hapo tafsiri inakwenda neno kwa neno bila shida. "The minister is expected to arrive at three" nayo ni habari tu, kwamba waziri anatarajiwa kufika saa tisa. Utazitofautishaje? Tazama ni nani anayetarajiwa, na ni nani anayesema. Mvua haiamriwi. Waziri haamriwi na mwandishi wa habari. Lakini mwajiri akisema juu ya mfanyakazi, shule juu ya mwanafunzi, au mwenye nyumba juu ya mpangaji, soma "anatakiwa".

Ukishaielewa hii, angalia jinsi unavyowaandikia wengine. Dereva mmoja wa Arusha alinionyesha ujumbe aliokuwa akiwatumia watalii kila jioni: "I expect you at the gate at six." Alikusudia wema: nitakuwa getini saa kumi na mbili, nawasubiri. Walichokisikia wageni ni sauti ya mwalimu mkuu. Tulibadilisha maneno machache tu: "I'll be waiting for you at the gate at six." Sasa anayengoja ni yeye, na wageni hawadaiwi kitu.

Iko njia nyingine ya kulainisha, nayo ni ndogo sana. Linganisha "We expect you at six" na "We're expecting you at six." Ya kwanza ni amri. Ya pili ni ukarimu: tunajua unakuja, kitanda kimetandikwa, chai iko tayari. Hiyo "-ing" inakuondoa kwenye sheria na kukuweka kwenye maandalizi. Kwa mwenye nyumba ya wageni, sentensi ya pili ni ya kukariri.

Hatua ya nne: ijenge sentensi

Maumbo ni machache, na ukiyashika manne yanatosha.

Nomino moja kwa moja: "I'm expecting a parcel." Kitenzi chenye "to", mtendaji akiwa ni wewe mwenyewe: "I expect to finish on Friday." Mtu kisha "to": "I expect him to pay." Na sentensi nzima, kwa "that" au bila "that": "I expect that he will pay", "I expect he'll pay."

Umbo la tatu ndilo linalotutesa, kwa sababu Kiswahili kinasema "namtarajia alipe" au "natarajia alipe", kitenzi kimejibeba chenyewe na mtendaji ndani yake. Tukikihamishia Kiingereza tunapata "I expect he pay" au "I expect that you come" kama agizo. Kumbuka njia mbili tu: au "him to pay", au "he will pay". Katikati yake hakuna. Na usianze na "from": "I expect from you to help me" ni ya kufutwa, sema "I expect you to help me". "From" inaingia pale ambapo kinachofuata ni kitu: "I'm expecting a letter from the bank." Ukizungumzia tabia au kiwango cha mtu, "of" inatumika pia, na ina uchungu wake: "I expected better of you", yaani sikulitegemea hili kutoka kwako wewe.

Usitumie "-ing" baada ya "expect". "I expect seeing you" haipo.

Kukanusha ni rahisi kuliko unavyodhani. Kiingereza kinapenda kukanusha "expect" yenyewe hata pale ambapo kisichotarajiwa ni cha mbele: "I don't expect him to come." Ndivyo na sisi tunavyosema, sitarajii kama atakuja.

Wakati uliopita una siri yake. "I expected you yesterday" na "I was expecting you yesterday" zote zinadokeza kwamba hukuja, kama vile "nilikutazamia jana" isivyohitaji kumalizwa. Kwa hiyo usimwambie mtu aliyekwisha kufika "I expected you", atadhani amechelewa. Mpokee kwa "We've been expecting you", na atasikia amekaribishwa.

Hatua ya tano: mama kijacho

"She's expecting", bila kitu nyuma yake, maana yake ni mjamzito. Kiswahili kina jina zuri la hali hiyo, mama kijacho, na fikra ni ileile: kuna anayekuja, sote tunamtazama njiani. Kwa Kiingereza lazima iwe na "-ing". "She expects" haina maana hiyo. Ukitaka kutaja, taja: "She's expecting a baby in June." Mume naye anaweza kusema "We're expecting", na wenzake kazini watampongeza.

Tahadhari ni kwa dada anayeketi peke yake mgahawani na mhudumu akamuuliza kama kuna mtu anamngoja. Akijibu "Yes, I'm expecting", amesema jambo jingine. Ajibu "I'm expecting someone" au "I'm waiting for a friend".

Kliniki utakutana na "expectant mother" kwenye mabango. Ni huyohuyo mama kijacho, kwa lugha ya ofisi.

Hatua ya sita: "I expect" ya Waingereza

Ukiwa na rafiki Mwingereza utasikia: "I expect you're tired." Hakutarajii uchoke, wala hakutaki uchoke. Anasema, bila shaka umechoka, au nadhani umechoka. Ni kubahatisha kwa adabu. Ukiulizwa jambo usilo na hakika nalo sana, waweza kujibu "I expect so", ndivyo nadhani. Mmarekani mara nyingi mahali hapo atasema "I guess so" au "I suppose so". Matumizi haya hayavai "-ing" hata mara moja, na huhitaji kuyatumia. Yatosha uyaelewe ili usijisikie umeamriwa.

Na "What did you expect?" isikie kwa sauti yake. Kwenye fomu ya tathmini, "What did you expect from this course?" ni swali la kawaida. Mdomoni mwa mtu aliyekasirika ni "ulitegemea nini?", tena bila kungoja jibu.

Hatua ya saba: mshahara

Fomu nyingi za kazi huku kwetu zina kisanduku "Expected salary", na kwenye usaili watakuuliza "What are your salary expectations?" Nimeona watu wanaandika "good salary" au "negotiable" peke yake, na nafasi inawapita. Hapa, kwa mara moja, unaruhusiwa kudai, wamekuuliza. Taja kiasi. Kama ni mazungumzo ya mdomo, weka "would", ambayo inapunguza makali bila kupunguza thamani yako: "I would expect between 900,000 and 1,100,000 shillings a month." Hesabu yako iwe umeifanya nyumbani, usiizue kitini.

Neno moja juu ya matamshi, maana simu haina kamusi. "Expect" linasomeka takriban ikspékt, mkazo mwishoni. Usiliongezee irabu, likawa ekspekti. "Expected" lina silabi tatu, ik-spek-tid. Na "except", isipokuwa, na "accept", kupokea, ni maneno mengine kabisa. Kwenye ujumbe wa haraka herufi zake hubadilishana viti, na "I except you tomorrow" imewahi kunifikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ikague kwa jicho kabla hujabonyeza kutuma.

Jaribu mwenyewe

Funika majibu kwa mkono, tafsiri kwanza.

Natarajia majibu yako kwa hamu, mwishoni mwa barua ya kazi. Ni "I look forward to your reply", na "expect" ikae pembeni.

Fundi alituambia atakuja leo, kwa hiyo niko nyumbani na kazi zangu. "I'm expecting the plumber today", kama ni fundi bomba.

Tunategemea mfanyakazi awe mwaminifu, maneno ya mwajiri kwenye mkataba. "Employees are expected to be honest." Hapa dai ndilo linalotakiwa, liache lisikike.

Natumaini mama atapona. "I hope my mother gets well." Ukisema "I expect my mother to get well", daktari atasikia una taarifa ambazo yeye hana.

Nilikutazamia Jumapili, bibi alikupikia. "I was expecting you on Sunday, Grandma cooked for you."